Zamu ya Usiku, Dohani ya Tatu

Ngazi ina vidato mia moja na kumi na viwili.
Navihesabu kila zamu, si kwa hofu,
ila goti la kulia huanza kuuma kwenye cha themanini
na ni vizuri kujua maumivu yako yanaishi wapi.

Huku juu Kifuru yote yaenea kiganjani.
Segerea ile. Kinyerezi hii, chini ya buti zangu.
Nachomeka kijiti cha kupimia kwenye tundu la dohani,
nangoja namba zitulie.

Hakuna moshi. Wenzangu hunitania:
"Anyelwisye, unapima nini? Gesi haina moshi.
Moshi ni wa mkaa, moshi ni wa lori la mchanga."
Nami nililelewa hivyo hivyo: penye moshi pana moto.
Hakuna aliyenifunza kuusoma moto
unaojua kuficha moshi wake.

Maana gesi inaungua vizuri, samawati, haina makuu.
Ni joto. Joto likizidi, hewa yenyewe inaingia kesini:
naitrojeni, tunayoivuta na kuitoa siku nzima,
jirani mpole wa mapafu, hakopi hakopeshi,
mle tanurini huozwa kwa nguvu na oksijeni
na mtoto wao huzaliwa na hasira.
Humwoni. Hupanda, huelea,
hushuka kwenye dirisha la mtu.

Dawa yake ni maji.
Maji safi kuliko tunayokunywa,
yaliyochujwa hadi hayakumbuki chumvi,
tunayanyunyiza motoni kama ukungu, moto unashusha sauti,
namba inateremka: mia na arobaini, tisini, hamsini na nane.
Hapo naandika.

Lakini nje ya ukuta wetu, saa kumi alfajiri,
ndoo zimepanga foleni kabla ya wenyewe.
Ya njano ni ya Bi Zamda, mpini wake kamba ya katani.
"Mashine yenu inakunywa lita ngapi?" aliniuliza.
Hesabu nilikuwa nayo, hadi nukta.
Ndiyo maana sikumjibu.

Na mjukuu wake, Shufaa, ana pumu.
Ana kimashine cha mvuke, kinanguruma mezani karibu na bakuli la uji,
kinakula umeme huu huu.
Ukikatika, Bi Zamda hapigii shirika, hunipigia mimi:
"Mwanangu, washeni."
Nani anijibie hapo:
tuwashe ili apumue, au tuzime ili apumue?

Jana saa mbili usiku, jiji zima feni na pasi,
Mhandisi Mlelwa alisema kwenye redio, taratibu,
"Tangi limefika robo. Funga maji. Mzigo usishuke."
Si mtu mbaya. Ana watoto Tabata, upepo ni uleule.
Nikauliza, "Na namba?"
Redio ikakwaruza, ikanyamaza.
"Namba tutaziandika kesho."

Nikapanda na penseli.
Mia mbili na sita.
Nikaandika mia mbili na sita, saa, dakika,
jina langu na la baba yangu,
mwandiko umepinda kidogo; goti lile.
Kisha nikabonyeza redio: "Bosi, kama maji hakuna,
tushushe mashine ya tatu. Megawati kumi."

Akaguna kama mtu aliyeombwa nauli na mkwewe.
Akashusha nane.

Namba ikalegea, si sana. Niliiandika hiyo pia.
Na mahali fulani chini yangu mtaa mmoja ukazimika,
kipande cheusi kati ya taa, dakika arobaini.
Kutoka juu mitaa haina majina.
Sikuuliza ni upi.

Simu mfukoni haikulia.
Niliishika hadi asubuhi.