Upande wa Kushoto

Daktari Szalay hunyosha mkono bila kugeuka,
na anachokitaka kinatua kiganjani
kabla hajakitaja.
Miaka kumi na saba nimekaa kushoto kwa kiti hiki,
hapa Mosonmagyaróvár, mji wenye jina refu kuliko barabara zake,
ambako ukirusha jiwe litampata daktari wa meno.
Jumatatu Waaustria huvuka mpaka na mashavu yaliyovimba,
Ijumaa hurudi kwao wakicheka kwa uangalifu,
kama watu waliovaa viatu vipya kwenye tope.

Kinywa ni jumba la maneno.
Mimi nimelijua jumba hilo wenyewe wakiwa hawamo:
taa imewashwa, mlango wazi, ulimi umelazwa kwa ganzi,
nami na bomba langu nafyonza mate, damu,
vumbi la jino linukalo kwato iliyoungua.
Hakuna anayeniona. Barakoa, miwani, kofia.
Mwaka jana fundi wa matrekta kutoka Graz
alinishika kidole kidogo gego lake likitikiswa,
akakishikilia mpaka mzizi wa mwisho.
Alipoinuka alimshukuru daktari.

Leo ameletwa msichana wa mafunzo, Kincső,
umri miaka ishirini, glavu zinampwaya.
Majina ya vyombo ameyakariri yote,
ila vyombo vyenyewe anaviogopa kama vina joto.
Wakati wa chai akaniuliza, bila kuzunguka:
“Kazi hii ina mbele?”

“Mbele ni pa kuchekea,” nikamjibu. “Kutafuna ni nyuma.”
Akacheka. Nikajiona mwerevu.
Kisha nikaona haya, maana alitaka jibu.

Nikautafuna mkate upande wa kulia
(la kushoto limetoboka tangu Machi;
mganga hajigangi, na msaidizi wake hana hata zamu)
nikaanza kuhesabu.

Ukisoma jioni miaka mitatu, Kincső,
utakuwa mtaalamu wa usafi wa kinywa:
kiti chako, taa yako, ukoga wako wa kukwangua,
na jina lako mlangoni, ingawa kwa herufi ndogo.
Ukijua Kijerumani zaidi ya fungua, funga, tema,
kuna treni ya saa kumi na moja alfajiri kwenda Vienna,
na mshahara mara mbili na nusu.
Dorottya aliipanda mwaka juzi.
Hutuma picha za jiko lake jipya;
hasemi analala saa ngapi.
Au hamia mapokezi, uuze taji za kauri kwa mkopo,
uwe na kucha ndefu.
Wanasema pia itakuja mashine ya kufyonza yenyewe.
Imeshakuja. Iko kabatini. Wagonjwa waliiuma.

Mama alisema kushikia watu taa
ni kazi isiyo na mbele wala nyuma.
Jino la pembe si dawa ya pengo, kweli,
lakini meno ya watu ya bandia ndiyo yaliyoezeka paa langu,
na Mama alifia chini yake, pakavu.
Hilo sikumwambia Kincső.
Nilimwambia mgongo utamuuma kuanzia mwaka wa sita,
anunue viatu vizuri kabla ya simu nzuri.

Saa nane mchana akakaa nafasi yangu.
Mgonjwa alikuwa bibi wa Linz, mwenye chonge moja
aliyoitunza kama hati ya shamba.
Daktari akanyosha mkono.
Kincső akampa kioo; alitaka koleo.
Kimya. Maji yakichuruzika kwenye kikombe.
Akampa koleo, upande wa kushika ukitangulia,
kama inavyotakiwa.

Mimi nilikuwa nimesimama ukutani.
Ndipo nikauona mkono wangu:
ulikuwa umeshainuka, uko hewani,
vidole vimefumba juu ya chombo
ambacho hakimo.