Dari ya Wenyewe

Mtambo uliingia Mbagala Kizuiani saa moja asubuhi,
ukaziba uchochoro, ukakwangua ukuta wa jirani,
na kabla hatujashusha hata bomba moja
Bwana Mwinjuma Kitundu akasimama juu ya alama ya chokaa,
mikono mbele, kama beki anayengoja frikiki.

Kisima ni chake. Fedha kalipa mwenyewe,
nusu kiinua mgongo, nusu kauza friji.
Lakini usiku, anasema, kafikiri.
Akachomoa karatasi mfuko wa shati, akasoma:

    Chini yetu kuna watu, wana jua lao dogo,
    hawajui mvua zetu, wala foleni na zogo;
    nyumba zetu, mji wetu, kwao dari na mzigo,
    mkitoboa, wenzetu, itavuja si kidogo.

Vijana walicheka hadi Shukrani akamwaga chai.
Mimi sikucheka. Miaka minne Mlimani
nimesoma matumbo ya dunia bila kuyaona,
na jina langu ni Sikujua;
bibi aliyenipa hakukosea sana.

"Miaka yote ile Tazara," nikamwuliza, "kazi yako ilikuwa nini?"
"Kukagua reli."
"Na treni ulijuaje kwamba inakuja?"
Akanitazama kama nimeuliza maji yanachemkaje.
"Unalaza sikio. Chuma kinakunong'oneza
kabla hewa haijapata habari."

Basi, nikasema, na sisi tunalaza sikio.
Ardhi ikitetemeka huko Chile
mawimbi yanazama, yanakatiza tumbo zima,
yanaibukia huku kwenye mashine iliyonyamaza chumbani.
Wimbi la kusukumana linafika, limechoka, limepinda njia.
Wimbi la kujinyonganyonga halifiki:
limekutana na kimiminika,
na kimiminika hakina mfupa wa kulibeba.
Ndivyo tulivyojua kuna chuma kilichoyeyuka.
Pangekuwa pango, yangetusimulia pango.

"Mbali kiasi gani?"
Reli yako yote, Dar hadi Kapiri Mposhi,
isimamishe wima, unga tatu,
bado hujagusa kitovu.
Leo tunashuka mita themanini.
Ni ukucha kwenye ganda la yai.

Akatazama miguu yake.
Kuku wa jirani alipita kati yetu, hana haraka.
"Na jua lao?"

Hapo ulimi ulinigoma,
maana lipo.
Pande la chuma katikati kabisa,
limebanwa hata likasahau kuyeyuka,
lina moto kama uso wa jua hili linalotuchoma utosi.
Ila halina anga la kuning'inia,
na halimchomozei mtu.

Alikaa kimya, kimya cha mtu anayehesabu chenji.
"Kwa hiyo," akasema, "nilichokosea ni watu tu."
Akatoka kwenye chokaa.

Mita kumi, mchanga mwekundu.
Thelathini, mfinyanzi wa kijivu unaonata kama bamia.
Hamsini mtambo ulikohoa, tukazima, Shukrani akatukana,
tukawasha. Sabini na sita mchanga mweupe,
safi, kama haujawahi kukanyagwa na jambo lolote,
kisha maji: kwanza matope, kisha maziwa, kisha maji.
Akayaonja kwa kiganja.
"Yana chumvi."
"Kidogo."
"Kidogo," akakubali, kwa uchungu wa friji.

Magharibi ilipoadhiniwa tulikuwa tunafunga vyuma.
Akaomba tusubiri kabla ya mfuniko.
Akapiga magoti kwenye tope, kanzu na yote,
akaingiza mdomo kwenye bomba:
"Hodi!"

Ikashuka. Ikagonga maji.
Ikarudi imenenepa, sauti yake mwenyewe.

Shukrani alikuwa ameshika mfuniko hewani.
Mimi na digrii yangu nilikuwa nimeinamisha shingo,
sikio moja chini.
Hakuna aliyeambiwa asubiri.
Tulisubiri.