Kimo cha Kiti

Velta amechora masanduku manne
nyuma ya bili ya umeme:
mbao pande zote, hayana kifuniko wala kitako,
na ndani, kwa kalamu ya kijani, majani ya karoti.
Akaiegemeza bili kwenye kopo la chumvi
nisiweze kunywa supu bila kuiona.

Nikanywa. Nikaiona. Sikusema.

Mimi ni mtu wa mistari.
Ninao uzi wa mama, wa kitani,
na vigingi viwili
ambavyo viganja vyake vilivilainisha hadi vikawa kama mfupa.
Kila Mei tangu nijue kutembea,
kigingi kimoja huku, kingine kule kwenye uzio,
uzi ukikazwa unalia kidogo
na bustani inajua inakoelekea.
Jembe linapita, toroli linapita,
hata korongo wa kwenye nguzo ya umeme
hushuka akatembea katikati, mikono nyuma, kama mkaguzi.

Sanduku, je? Nani aliwahi kununua udongo?
Hapa kando ya Gauja tunao hadi kero,
udongo wa mfinyanzi unaomvua mtu kiatu.

"Ndiyo hoja yangu," anasema Velta.
Theluji ikiyeyuka, maji yanatuama kwenye mistari yako
mpaka Aprili inakwisha.
Mwaka jana ulipanda njegere mara tatu.
(Mara mbili. Ya tatu walikuwa kunguru.)

Nikamwambia: mbao zitaoza, miaka mitano tu.
Akaniambia: na sisi?
Nikamwambia: Julai sanduku hukauka kama mkate wa juzi,
nani atabeba ndoo?
Akaniambia: anayebeba hoja zote hizo hakosi mikono.
Nikamwambia: mchagua jembe si mkulima.
Akaniambia: methali haipalilii.

Sasa nitasema jambo ambalo halimo kwenye hesabu zetu.
Oktoba, siku ya kung'oa liki,
nilitoka stoo nikamkuta ameketi chini
kwenye mstari wa tano, miguu imenyooka mbele
kama mtoto anayesubiri kuvishwa viatu.
"Napumzika," akasema.
Udongo ule, Oktoba, hapumziki mtu juu yake.
Kando yake niliona alama za viganja viwili,
kisha viwili vingine,
kisha viwili.
Nikasema liki mwaka huu zimenenepa.
Nikanyoosha mkono kana kwamba naomba kisu.

Jana alipokwenda kwa Talivaldis kuchukua mayai
nilipima kiti cha jikoni, kile anachokalia akimenya viazi,
kutoka sakafuni hadi kwenye mto wake:
sentimita arobaini na sita.
Nikabomoa ukuta wa bafu la mvuke tusilolitumia,
mbao za msonobari, nyeusi kwa moshi wa babu yangu,
bado zinanuka majani na migongo ya watu.
Nikakata. Nikapigilia.
Juu ya ukingo nikaweka ubao mpana,
mpana kuliko unavyohitajiwa na karoti yoyote.

Akarudi. Akalizunguka sanduku.
"Mbona refu hivi?"
"Maji," nikasema. "Yatiririke."
Akaketi juu ya ukingo, mayai mapajani,
nyayo zake zote mbili zikafika chini.
Akakaa hapo muda mrefu, akitazama liki ambazo hazipo.
"Maji," akasema.

Leo asubuhi ameomba uzi.
Ni mrefu mno kwa sanduku, mita kumi na nne,
na hataki nikaukate; ameuzungusha kwenye kigingi
mpaka kikanenepa kama kidole kilichofungwa bandeji,
kisha akapanda shibiti, mstari mmoja, umenyooka
kuliko wangu wowote.

Kuhusu viazi hatujapatana.
Mistari mitatu kule kwenye uzio, nasema mimi.
Mmoja, anasema yeye, na utaulima mwenyewe.
Bili imerudi mezani kwenye kopo la chumvi,
imeongezwa sanduku la tano,
na bado haijalipwa.