Mizani ya Chai Moja

Kwanza nililipasua swali.
Si "kipi kibaya?" bali kibaya kwa kazi gani.
Kazi ni hii: kubeba mililita themanini za chai
kutoka birika la Haradhan, jukwaa la tisa, stesheni ya Sealdah,
hadi mdomoni mwa abiria, bila kumuunguza vidole.
Basi. Hapo vikombe vyote vinakuwa ndugu,
na hapo hapo ugomvi wa urithi unaanza.

Plastiki: gramu mbili. Pumzi yangu iliyumbisha tarakimu.
Karatasi: tatu na nusu, na ndani yake
utando wa plastiki uliojificha kama bitana ya koti.
Udongo: gramu sitini na saba, na alama ya kidole gumba
cha mtu ambaye sikuwa nimemuuliza jina.

Nikakifuata kila kimoja kinyumenyume
kama mtu anayetafuta alipoangusha ufunguo:
kwenye lori, kiwandani, bandarini,
msituni kabla ya shoka,
chini ya mwamba ambako mafuta yalilala hayana bei,
kwenye kingo za Hooghly ambako udongo huchotwa kwa karai.
Kwa dizeli nikatoza. Kwa umeme nikatoza.
Kwa makaa ya tanuri nikatoza, moto wa usiku kucha
ili kikombe kiishi dakika nne.

Saa nane za usiku jedwali likatoa hukumu:
udongo, wa mwisho.
Kikombe cha babu yangu, kile alichokipasua relini
akisema kimerudi kwao,
kaboni yake mara tatu ya plastiki.
Nikarudia. Nikarudia tena kwa hila,
nikipunguza makaa kidogo, kama muuza nyama
anayeegemeza kidole kwenye sahani ya mizani.
Kikabaki wa mwisho, ila kwa haya kidogo.
Mizani ilitimia. Vina ndivyo vilivyokataa.

Julai ile mfereji wa mtaa wetu uliziba,
maji yakapanda hadi kitandani kwa mama.
Kijana wa manispaa akachomoa kwa mikono
vikombe mia nne na kumi na viwili vya plastiki
(nilivihesabu, ni ugonjwa wangu).
Nilijaribu kumtengenezea mama safu yake:
magodoro yaliyolowa, kwa kila chai moja.
Nikapata kipande cha godoro kisichotosha kulaza mdudu.
Nikaifuta.

Nilimpelekea Nimai Pal matokeo yake huko Ultadanga,
nimejiandaa kutukanwa.
Hakuinua macho kutoka kwenye gurudumu.
"Mara tatu? Nilidhani zaidi."
Akakohoa kikohozi kirefu, chenye ngazi,
akapumzika katikati, akaendelea kupanda.
"Hesabu yako hii, binti, ninayo kifuani tangu mwaka nilipooa.
Mke wangu alikuwa na nakala.
Lakini hicho chepesi, kinamaliza lini?"
Nikamwonyesha: miaka mia moja.
Nimeiandika kwa sababu programu inakataa kisanduku kitupu.
"Mia," akasema, na kidole gumba chake kikazama
kwenye udongo uliokuwa ukizunguka. "Na nani atabaki kuhesabu?"

Jumatatu, Delhi, watataka rangi tatu tu:
kijani, njano, nyekundu.
Watataka nianze na jibu.

"Kipi leo, dada?" Haradhan ameshika birika,
nyuma yangu foleni inasukuma kwa viwiko.
Ninacho kikombe changu cha chuma,
ambacho hesabu inasema kitavishinda vyote
baada ya chai mia na thelathini,
kikisuuzwa kwa maji machache.
Yaani, nilikuwa nacho.
Nilikisahau kwenye treni ya Barasat, chai ya tisa.
Mvuke unapanda. Kipi, dada?
Nimekinga viganja vyangu hewani,
gramu sifuri,
na chai inachemka.