Sahihi ya Mkono wa Kushoto

Dodoso lilikuwa na kurasa sita.
Nililibeba kwenye mfuko wa nailoni, masika yakininyea,
nikauliza Pasua nzima: kwa Ndetaramo Mshiu ni wapi,
yule wa kiwanda cha mbao?
Mtoto mmoja akainua kiganja, akakunja vidole vitatu.
"Huyu?"
Huyo.

Alinipa mkono wa kushoto na hakuomba radhi.
Mkewe, Anaeli, akaleta chai ya maziwa,
akaiweka karibu nami, mbali na karatasi,
kama mtu anayejua karatasi zikilowa
safari inaanza upya.

Swali la kwanza umri, la pili kazi.
"Andika unachotaka. Nilikuwa naranda mbao.
Sasa nahesabu mbao wanazoranda wenzangu."
Nikaandika: Nyingine, taja.

Swali la tisa lilitaka tarehe ya ajali.
Hakutaja tarehe, alitaja mti:
"Mkaratusi. Mbichi bado, una fundo ndani.
Msumeno ukakutana na fundo, ukaruka.
Sikusikia maumivu. Nilisikia mashine ikibadilisha sauti,
kama imetafuna kitu isichokizoea."

Mawenzi walimshona. Daktari mwingine, baada ya miezi, akampima,
akafungua jedwali: cha shahada asilimia kadhaa,
cha kati kadhaa, cha pete pungufu ya hapo,
akajumlisha kama muuza duka.
Chanda chema huvikwa pete, tunasema.
Jedwali halikuuliza pete ilikwenda wapi.
Alikuwa akiivaa kulia; kushoto ilimbana.
Anaeli anayo. Aliitafuta mwenyewe kwenye vumbi la mbao,
kwa chekeche lake la unga.

Fomu zikaenda, zikarudi.
Mara ya kwanza mwajiri hakugonga mhuri:
huyu ni kibarua, alisema, vibarua hawana jalada.
Miaka saba, kibarua.
Mara ya pili mhuri upo, tarehe imefifia.
Mara ya tatu barua ikasema, kwa adabu kabisa,
kwamba sahihi ya mdai
haifanani na ile iliyoko benki.

Hapo akacheka. Mimi sikuweza.
"Mwanangu, ile ya benki
niliiandika kwa mkono uliokuwepo."

Swali la ishirini na mbili:
Umeridhika kwa kiasi gani na muda wa kushughulikia dai lako?
Visanduku vitano.
Akaomba kalamu. Akaishika kushoto, ncha ya ulimi nje,
akaweka mkwaju mmoja mrefu
pembeni, kwenye karatasi tupu, nje ya visanduku vyote.
Kompyuta ikasoma: Hakujibu.

Mwezi wa nane tukakutana Arusha, ukumbi wenye zulia,
maji ya chupa mbele ya kila jina.
Nilipewa dakika kumi na tano.
Nikapendekeza dai liwe na siku ya mwisho ya kujibiwa.
Nikapendekeza kibarua ahesabiwe mtu tangu asubuhi anapoingia getini.
Nikapendekeza dole gumba lipokelewe
pale ambapo vingine vimebaki kiwandani.
Bwana mmoja wa mstari wa mbele akauliza
sampuli yangu ilikuwa kubwa kiasi gani.
Mia mbili na kumi na mmoja, nikasema.
Nilitaka kusema: vidole mia tatu na kitu,
macho kumi na tisa, na pete moja.
Sikusema. Slaidi ilikuwa imeshabadilika.

Saa kumi ikaja karatasi ya posho.
Tukapanga foleni, tukasaini, tukalipwa,
wino haujakauka.
Hakuna aliyetaka mhuri wa mwajiri wangu.
Zamu yangu ilipofika nikahamisha kalamu kushoto.
Jina langu likatoka limelala,
herufi zikishikana viuno kama walevi wanaorudi kwao.
Mhasibu akalitazama. Akanitazama.
"Dada," akasema, "hii siyo sahihi."