Mstari Mmoja

Mbazi aliletwa saa tisa usiku,
shingo imekakamaa kama mpini wa jembe.
Nakiete, mama yake, miguuni tope la jaruba halijakauka,
akasema: ni malaria hii, nipe dawa nirudi,
zamu yangu ya maji ni alfajiri.

Nikamtoboa mtoto kidole. Hakulia.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Robo saa tukakiinamia kile kipande cha plastiki
kama wanaochungulia chungu cha jirani.
Ukatokea mstari mmoja.
Ule tu unaosema: kipimo ni kizima.
"Mmoja si ndiyo vizuri?"
Mmoja, mama, maana yake siye huyu.
Nani, haukusema.
Mbu wa Chekereni hana kitambulisho,
anakuimbia sikioni, mzigo hautaji.

Bibi mtu akaja na kinyesi cha tembo ndani ya kitambaa,
degedege, akasema, hufukuzwa kwa moshi.
Sikumcheka.
Hadubini yangu ina ufa,
nami kila siku nachungulia kwenye moshi wangu.

Kulipokucha Daktari Mshighati akamkunja Mbazi kama jongoo,
sindano kati ya pingili mbili za mgongo,
yakadondoka maji maangavu kama ya Njoro,
safi kiasi cha kukera.
Usaha ungenipa pa kuanzia.

Nikaandika lebo. Barafu nikaazima kwa muuza aiskrimu.
Bodaboda ikapanda mjini, ikaliwahi basi la Dar
likiwa limeshawasha taa.
Majibu wiki tatu, wakasema.
Labda nne.

Kirusi hakisomi kalenda.
Siku ya tano Mbazi akafumbua macho,
akaomba uji, akamwita mama yake
kwa jina la mbuzi wao.
Tulicheka sote, Nakiete zaidi yetu,
mpaka alipomwita hivyo tena jioni,
na kesho yake,
na kijiko kikawa kinamtoka mkono wa kushoto.

Mpunga ulikuwa umeshakatwa simu ilipolia:
sampuli ilifika ya moto, samahani,
mnaweza kuleta nyingine?

Nyingine.
Nikafungua daftari la wagonjwa.
Jina lipo. Umri, sita. Kijiji kipo.
Kwenye safu ya ugonjwa nilikuwa nimeandika "homa",
nikaifuta, nikaandika "ubongo", nikaifuta,
karatasi ikakaribia kutoboka.
Nje, maji ya mfereji yalikuwa yakiingia majarubani.
Nikachukua rula.
Nikachora mstari mmoja.