Nafasi ya Pili

Mwezi wa saba, Langoni, mafuta ya nazi huganda,
yakawa meupe kama chokaa ndani ya chupa,
mteja akarudi na kelele: "Bi Barke, umeniuzia mshumaa?"
Mama hamjibu. Huitia chupa kwapani
kama anayepima homa
mpaka ilainike.
Ya simsim, iliyolala papo hapo rafuni,
haina habari hata kama kulikuwa na baridi.

Hapo ndipo nilipoanzia leo, kidato cha nne.
Nikachora mikia miwili ubaoni.
Wa kwanza umenyooka; mikia ya aina yake
hulala imebanana kama boriti za dari.
Wa pili una kifundo katikati, umekunja goti,
haulali na mwenzake bila kumpiga teke.
Na utando wa seli, ya punda na ya mwenye punda,
unaitaka yote miwili:
minyoofu mitupu, ukakakamaa;
yenye magoti mitupu, ukalegea.

Basi kuna kimeng'enya kimeshika gliseroli,
nafasi ya kwanza i wazi.
Asidi za mafuta zafika, kila moja mgongoni mwa hamali,
na mahamali wote wamevaa sare moja.
Hakiwaulizi mahamali. Hupima mkia.
Kaboni kumi na sita, kumi na nane, ulionyooka: pita.
Wenye goti, mara nyingi, hugonga ukuta wa shimo
ukaondoka na hamali wake.
Hauendi mbali. Mlango wa pili kuna kimeng'enya kingine,
shimo lake lina kona,
nacho chautaka uo huo uliokataliwa.

Niliwatungia ubeti, wa mtihani tu:

*Ya kwanza nyoofu weka,*
*ya pili ilopindika,*
*ya tatu fosfati, shika,*
*utando usitatuke.*

Twaiba, wa dawati la nyuma, akanyosha kidole.
"Mwalimu, kitu hicho hakina macho. Chajuaje?"
Kengele ikaniokoa.
Nikasema kesho.

Usiku umeme umekatika.
Fundi Bunu yuko mlangoni, ataka sifa ya kupaka mbao,
ile ya ini la papa, si ile ya kusifiana.
Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili.
Namwashia tochi ya simu.
"Zima. Mato ya nini?"
Vidole vyake vyapita shingo za chupa:
hii kizibo chake hakikazi, hii nyembamba, hii yateleza.
Haitafuti ya Bunu. Aziacha zisizokuwa yake,
moja baada ya moja, mpaka mkono unapokwama.

Hapo nikapata nusu ya jibu la Twaiba:
hakijui.
Mkia usioenea haukai, basi.

Nusu ya pili ni kwamba hukosea.
Mwaka jana Mama alimuuzia bibi harusi sifa badala ya simsim;
nywele zikanuka papa hadi fungate ikaisha.
Kimeng'enya nacho, ukikijazia sokoni mafuta ya aina moja,
hupokea kilichopo.
Lakini seli ina mkasi wake:
huja kimeng'enya kikakata mkia wa nafasi ya pili,
huo wa pili tu,
na kingine kikatia unaofaa zaidi.
Yule bibi harusi alirudishiwa pesa, na limau kumi.

Bunu amekwenda. Mama ahesabu noti kwa kuzipapasa.
Nyuma ya ukungu wa macho yake, najua,
kuna mikia mirefu yenye vifundo sita,
ya changu na nguru aliokula miaka sabini,
imepachikwa nafasi ya pili, yatikisika gizani,
mizima, yangoja mwanga.
Daktari amesema Jumanne.
Yeye asema Jumanne ni siku ya kupokea simsim kutoka Witu.